Picha Njema Iliyoharibiwa na Mwisho Wake

Kila mtu aliyepata kukaa jioni miguuni pa bibi yake, akimsikiliza akitamba hadithi, anajua jambo moja: hadithi ya zimwi haitishi kwa sababu ya zimwi lenyewe. Hutisha kwa sababu ya kungojea. Bibi husema, "Mtoto akasikia mtu anakohoa nje ya mlango," kisha hunyamaza. Huchochea moto. Hugeuza muhindi upande wa pili. Watoto husogeleana, na yule aliyeketi karibu na mlango huhama.

Na jambo la pili twalijua pia. Zimwi halina budi kushindwa, lakini hushindwa kwa kitu kilichokwisha kutajwa katika hadithi: kwa wimbo aliofundishwa mtoto na mama yake, au kwa msaada wa ndege aliyepewa punje za mtama siku ile ya njaa. Bibi akichoka akasema, "Basi, akatokea askari mwenye bunduki, akalipiga, hadithi yangu imekwisha," hata mtoto wa miaka sita atakataa. Atauliza, "Na yule ndege je?"

Niliyakumbuka hayo juzi, baada ya kutazama picha ya sinema katika televisheni pamoja na vijana wa nyumbani. Wadogo tulikwisha kuwapeleka kulala, na nilifanya vema, kwa maana picha yenyewe si ya watoto. Jina lake ni The Exorcist III, yaani "Mfukuza Pepo" ya tatu, iliyotengenezwa Marekani na kuonyeshwa mara ya kwanza tarehe 17 Agosti 1990. Ni ya zamani sasa, lakini picha za namna hii hazizeeki upesi. Vijana hupeana na kuzitazama hata kama wazazi hawana habari.

Ilipokwisha, kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Baba mdogo, sasa lile swali la yule polisi limejibiwa wapi?" Sikuwa na jibu la haraka. Nimelifikiri tangu siku hiyo, na makala haya ndiyo jibu langu.

ASILI YA HADITHI

Mwenye hadithi hii ni William Peter Blatty. Alizaliwa New York mwaka 1928, na wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Lebanoni. Alilelewa katika imani ya Kikatoliki, akasoma katika Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, ambacho ni chuo cha Kijesuiti. Mwaka 1949, alipokuwa angali mwanafunzi, alisoma katika gazeti habari ya mvulana wa jimbo la Maryland aliyedhaniwa amepagawa na pepo, akasaliwa na mapadre. Habari ile ilimkaa moyoni zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1971 akatoa kitabu, na mwishoni mwa mwaka 1973 kitabu kikawa sinema chini ya uongozi wa William Friedkin. Blatty mwenyewe ndiye aliyeandika maneno ya sinema hiyo, akapewa tuzo ya Oscar.

Wengi wanaikumbuka sinema ile ya kwanza kwa vitisho vyake tu. Lakini kiini chake kilikuwa kingine. Padre kijana, Damien Karras, aliyekuwa akipungukiwa imani, tena amefiwa na mama yake, anaitwa kumsaidia binti wa miaka kumi na miwili aliyepagawa. Mwishoni anamwambia pepo amwache mtoto, amwingie yeye. Pepo anamwingia, na padre anajitupa dirishani, akaanguka kwenye ngazi ndefu za mawe zilizo nje ya nyumba, akafa. Mtoto anapona. Mtazamaji anatoka na hofu, ndiyo, lakini pia amemwona mtu aliyetoa uhai wake kwa ajili ya mtoto asiye wake.

Mwaka 1977 wengine walitengeneza sinema ya pili, bila Blatty. Haikufaulu, na watazamaji wengine waliicheka. Blatty akanyamaza, kisha mwaka 1983 akatoa kitabu kingine, akakiita Legion. Msomaji wa Injili analijua jina hilo: ndilo alilojitaja pepo katika sura ya 5 ya Injili ya Marko, kwa kuwa walikuwa wengi ndani ya mtu mmoja aliyekaa makaburini. Kutokana na kitabu hicho Blatty alitengeneza sinema ya tatu, safari hii akiwa mwongozaji yeye mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa amepata kuongoza sinema moja tu.

POLISI MWENYE SWALI

Mtu mkuu wa picha hii si padre. Ni ofisa wa upelelezi, mzee, jina lake Kinderman, naye ni Myahudi. Mchezaji wake ni George C. Scott, mtu mwenye uso kama jiwe lililopigwa na mvua nyingi. Kinderman alikuwa rafiki wa Padre Karras. Sasa ni miaka kumi na mitano tangu Karras afe, na mjini kumeanza mauaji ya ajabu. Kijana mmoja wa miaka kumi na miwili ameuawa kikatili kwa namna inayoudhihaki msalaba. Kisha padre mmoja anauawa akiwa katika kiti cha maungamo.

Kinderman anaona alama anazozijua. Zamani kulikuwa na muuaji aliyeitwa Gemini, yaani Mapacha, aliyewakata watu aliowaua kidole na kuwachora alama yake mwilini. Polisi waliwapa magazeti habari za uongo juu ya kidole na mahali pa alama, kusudi wapate kuwatambua wendawazimu wanaojisingizia. Kwa hiyo alama za kweli zajulikana na polisi wachache tu, na muuaji mwenyewe. Na maiti hizi mpya zina alama za kweli. Lakini Gemini amekwisha kufa! Serikali ilimwua kwa hukumu miaka kumi na mitano iliyopita, wakati ule ule alipokufa Karras.

Tena alama za vidole zilizoachwa katika kila mauaji ni za mtu mwingine. Na katika hospitali, katika wodi ya wagonjwa wa akili, yumo mgonjwa asiye na jina, aliyeokotwa akitangatanga miaka hiyo hiyo kumi na mitano iliyopita. Kinderman anamchungulia, naye anafanana na marehemu Karras.

Bila shaka msomaji amekwisha kuona jinsi fumbo lilivyofungwa vizuri.

MARAFIKI WAWILI

Lakini uzuri wa picha hii hauko katika fumbo. Uko katika urafiki wa Kinderman na Padre Dyer, aliyekuwa pia rafiki wa Karras. Kila mwaka, siku ile aliyokufa Karras, wazee hawa wawili huenda pamoja kutazama sinema ya zamani, It's a Wonderful Life ya mwaka 1946. Kabla ya kwenda, Dyer anamwambia mkubwa wake kwamba inambidi amfariji Kinderman, kwa kuwa siku hii humhuzunisha sana. Na huko kituoni, Kinderman anawaambia wenzake kwamba inambidi amfariji Dyer, kwa kuwa siku hii humhuzunisha sana.

Kila mmoja anadhani yeye ndiye mwenye kubeba, na mwenzake ndiye mwenye kubebwa. Nani kati yetu hajawaona wazee wa namna hiyo? Wanataniana, wanagombana juu ya mambo madogo. Kinderman anasema hawezi kurudi nyumbani mapema kwa sababu mama mkwe wake ameweka samaki mzima ndani ya bafu. Twacheka.

Kisha kicheko kinakoma. Kinderman anamweleza rafiki yake habari za yule kijana aliyeuawa, na hapo anauliza swali lake: ikiwa Mungu ni mwema, mbona ameumba dunia ambamo watoto huteswa na wasio na kosa hufa kwa magonjwa ya kutisha? Dyer hajaribu kumshinda kwa maneno. Anamjibu kwa upole tu kwamba mwisho wa nyakati yote yatatengenezwa. Mzee Kinderman hatosheki.

Hili ndilo swali la Ayubu. Ndilo swali la mama aliyezika mtoto na la mtu aliyelala hospitalini mwaka mzima. Sinema ya kutisha iliyothubutu kuliuliza wazi, tena mezani kwa marafiki wawili, yastahili heshima yetu.

Baada ya siku chache Padre Dyer anaingia hospitali kupimwa, na humo humo anauawa. Picha haituonyeshi mauaji yenyewe. Yatuonyesha Kinderman akisimama karibu na kitanda, na uso wa Scott unaanza kuvunjika kidogo kidogo. Sasa swali si la mezani tena. Limeingia nyumbani mwake.

KIMYA CHA KORIDO

Liko tendo moja katika picha hii ambalo wapenzi wa sinema hulisifu mpaka leo, nami nataka kulieleza, maana laonyesha jinsi Blatty alivyojua kazi alipoachwa aifanye.

Ni usiku hospitalini. Kamera imewekwa mwisho wa korido ndefu, na haisogei. Mbali kule twamwona nesi mezani pake, mdogo kama kidole. Anasikia sauti, anaingia katika chumba kimoja. Sauti ni ya barafu inayopasuka ndani ya gilasi. Anapumua, nasi twapumua. Mara mgonjwa anaamka kwa ghafula na kumkaripia! Tunaruka kidogo, kisha twajicheka, tukidhani kitisho ndicho hicho, kimekwisha.

Nesi anarudi mezani. Askari anakuja, anazungumza, anakwenda zake. Kimya. Kamera haisogei. Nesi anakwenda katika chumba kingine, anatoka, anafunga mlango kwa ufunguo, anageuka. Na hapo nyuma yake, kwa hatua za haraka, latokea umbo lililofunikwa shuka jeupe, limenyosha mkasi mkubwa. Hatuoni pigo. Mara tunaonyeshwa sanamu isiyo na kichwa, basi.

Hakuna damu wala muziki wa kelele kabla yake. Vijana wangu, ambao hucheka katika picha nyingi za kutisha, walinyamaza kimya. Huo ndio utambaji wa bibi: kunyamaza, kuchochea moto, kugeuza muhindi.

MAHALI MWENDO ULIPOKWAMA

Sasa tuseme na makosa, kwa maana rafiki mwema haficha kovu.

Kosa la kwanza ni la mwendo. Watu wengine hulalamika kwamba picha nzima inakwenda polepole. Mimi sikubali. Chombo kinachongoja upepo na chombo kilichopanda mwamba, kwa mtu aliyesimama pwani vyote viwili havisogei. Lakini baharia ajua tofauti. Nusu ya kwanza ya picha hii inangoja upepo. Katika nusu ya pili imepanda mwamba.

Mwamba wenyewe ni chumba cha yule mgonjwa asiye na jina. Kinderman anaingia, anaketi, na mgonjwa anaanza kusema. Anasema yeye ni Gemini. Anaeleza jinsi roho yake ilivyotiwa katika mwili wa Karras siku ile ile, iwe kisasi cha pepo aliyetolewa katika yule binti. Anaeleza kwa nini ilichukua miaka kumi na mitano kuutengeneza ubongo uliokuwa umekufa. Anaeleza jinsi anavyotoka na kuwaingia wazee waliopotewa na akili katika wodi ya jirani, akatumia mikono yao kuua. Ndiyo sababu alama za vidole ni za watu mbalimbali.

Mchezaji Brad Dourif anasema haya yote kwa ustadi mkubwa. Mara ananong'ona, mara ananguruma, mara chozi linamtoka. Hata hivyo, ni maelezo. Polisi aliyekuwa akitafuta kwa akili yake sasa ameketi kama mwanafunzi, na muuaji ndiye mwalimu anayemsomea majibu yote. Naye daktari wa wodi ametuchosha pia kwa kusimulia jinsi mgonjwa huyu alivyopatikana. Fumbo lililofungwa kwa vifundo vizuri halikufunguliwa. Lilikatwa kwa kisu.

Na baada ya kukaa kitako hivyo, picha yaanza ghafula kukimbia. Mgonjwa mmoja, amevaa mavazi ya nesi, anafika nyumbani kwa Kinderman na kutaka kumwua binti yake. Binti anaponea chupuchupu. Hatupewi nafasi ya kuliona jambo hilo kubwa linavyomwumiza baba, kwa kuwa tayari anarudi mbio hospitalini kwenda kwenye mwisho. Kwanza kukaa mno, halafu kukimbia mno: huo si mwendo wa hadithi, ni mwendo wa msafiri aliyelala kituoni na sasa analifukuza gari.

PADRE ASIYEJULIKANA

Mwisho wenyewe ni huu. Padre mmoja, Morning, anaingia katika chumba cha mgonjwa ili kumfukuza pepo. Ni nani huyu? Hatumjui. Kabla ya hapo tumemwona mara moja tu, peke yake chumbani mwake. Hajapata kuzungumza na Kinderman wala na Dyer. Ghafula yeye ndiye shujaa.

Hapo fataki zaanza. Radi, moto, nyoka, sakafu kupasuka na mikono kutoka chini. Padre anarushwa mpaka darini na kuumizwa vibaya. Kinderman anaingia, naye anabanwa ukutani kwa nguvu isiyoonekana. Padre, akiwa karibu kufa, anamwita Karras apigane. Kwa dakika moja Karras anaupata tena mwili wake, anamwomba Kinderman ampige risasi. Kinderman anampiga. Twaenda makaburini. Mwisho.

Askari mwenye bunduki! Na yule ndege je?

Kijana wangu alikuwa na haki kuuliza. Swali la mateso ya wasio na kosa liliulizwa katika dakika za mwanzo, likamfuata Kinderman mpaka kitandani kwa rafiki yake. Katika mwisho huu anabanwa ukutani na kupiga kelele kwamba sasa anaamini: anaamini mauti, magonjwa, ukatili na kila uchafu, anamwamini hata huyo pepo. Ni maneno yenye nguvu, lakini hayaongozi popote. Baada yake inafuata risasi tu. Risasi yaweza kuua mwili; haijibu swali.

Tena linganisha na sinema ya kwanza. Kule Karras alitoa uhai wake ili mtoto apone. Hapa anaomba auawe, na rafiki anamwua rafiki. Mwenye kuamini kwamba uhai ni wa Mungu angetaka angalau picha isimame kidogo hapo, imwonyeshe Kinderman akiutazama mkono wake. Haisimami. Bastola inapigwa, na mashaka yote yanahesabiwa kuwa yamekwisha.

MANAHODHA WENGI

Mbona mtu aliyeijua kazi vile katika korido akaharibu mwisho vile? Jibu lajulikana. Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama.

Blatty alitaka picha yake iitwe Legion, na alipomaliza kuipiga haikuwamo ibada yoyote ya kufukuza pepo. Padre Morning hakuwamo kabisa. Hata Jason Miller, aliyemcheza Karras mwaka 1973, hakuwamo. Mgonjwa alichezwa na Dourif peke yake. Lakini kampuni iliyotoa fedha ilitaka jina la The Exorcist ili watu waje. Kisha ikasema: sinema yenye jina la mfukuza pepo haina budi kuwa na kufukuza pepo! Wakamwita tena kazini, wakatumia kiasi cha dola milioni 4 zaidi kwa mwisho mpya wenye moto na nyoka, hali picha nzima ilipangiwa kiasi cha dola milioni 11. Blatty alieleza baadaye kwamba aliona afadhali aifanye kazi hiyo mwenyewe kuliko kumwachia mtu mwingine.

Jina lilileta watu. Wiki ya kwanza picha ilishika nafasi ya kwanza katika majumba ya sinema ya Marekani. Kisha ikafifia, ikamaliza na mapato ya kiasi cha dola milioni 26 nchini humo. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini watu hawaendi mara ya pili kusikiliza debe.

Mwaka 2016 kampuni moja ya Marekani ilijaribu kuirudisha picha kama Blatty alivyoitaka. Filamu za asili hazikupatikana, wakatumia kanda za video zilizobaki, na sehemu hizo huonekana hafifu sana. Blatty alifariki tarehe 12 Januari 2017, akiwa na miaka 89.

Basi, je, mwisho wa asili ni bora? Hapa lazima tuseme kweli, tusiwatupie wenye fedha lawama yote. Katika picha ile ya kwanza Kinderman anaingia chumbani na kumpiga mgonjwa risasi, mambo yanakwisha mara moja. Hakuna fataki, na hilo ni jema. Lakini bunduki ipo pale pale. Katika kitabu Blatty alifanya vingine. Kule muuaji alikuwa akiua ili amwaibishe baba yake, mhubiri aliyemchukia. Anapopata habari kwamba baba amekufa, chuki yake inakosa chakula, naye anakufa. Halafu Kinderman anakaa na askari mwenzake mdogo, wakila, na kumweleza aliyoyafikia katika kulifikiri lile swali. Kwa hiyo mwandishi alijua kwamba swali linadai jibu. Alipofika kwenye sinema, jibu lilimponyoka kabla hata ya wenye fedha kumshika mkono.

NDEGE ALIYESAHAULIWA

Mimi naona mwisho uliofaa ulikuwamo tayari ndani ya picha. Ni wale marafiki wawili, kila mmoja akienda kumfariji mwenzake. Ikiwa dunia ni ya pepo tu kama muuaji anavyosema chumbani, je, jambo hilo lilitoka wapi? Nani aliyewafundisha wazee wawili kujisahau hivyo? Hilo si jibu kamili la swali la mateso, na hata Ayubu hakupewa jibu la namna anayoitaka mwenye kuhesabu. Lakini lingekuwa jibu la mtu, nalo lilipandwa tangu mwanzo. Laiti Kinderman, akiwa amebanwa ukutani, angemkumbuka Dyer, na kumbukumbu hiyo ikawa silaha yake, tungetoka kimya, tukifikiri. Ndiye ndege aliyepewa mtama. Alisahauliwa kwenye tawi.

Yapo na mambo mawili ambayo wazazi yafaa wayajue, ikiwa picha hii itaonekana nyumbani.

La kwanza, kufukuza pepo kama kunavyoonyeshwa hapa si kama Kanisa lifanyavyo. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki, Kanuni ya 1172, hakuna padre awezaye kufanya ibada hiyo kubwa bila ruhusa ya wazi ya askofu wake, na ruhusa hupewa padre mwenye uchaji, elimu na busara. Kabla ya hapo ni lazima kuhakikisha kwamba jambo si ugonjwa. Ibada yenyewe ni sala, litania, zaburi na Injili. Si mashindano ya radi. Padre Morning anaingia peke yake, bila kuulizwa na mtu.

La pili, wazee waliopotewa na akili katika picha hii wanafanywa kuwa vyombo vya Shetani. Ni hila nzuri ya fumbo, lakini ni jambo zito kwa nyumba yenye babu asiyekumbuka tena majina ya wajukuu wake. Vijana waambiwe wazi: mzee huyo ni mgonjwa, na yeye ndiye mwenye haki ya kwanza ya upole wetu. Vivyo hivyo mwenye kifafa, vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa akili. Wapelekwe hospitali, wala wasiogopwe.

Je, nasema picha hii isitazamwe? Kwa watoto, hapana kabisa. Kwa watu wazima na vijana wakubwa walio pamoja na mzazi, nasema itazameni, mradi msizime televisheni na kwenda kulala mara moja. Kaeni kidogo. Ulizaneni kama kijana wangu alivyouliza.

Mimi nilimjibu baadaye, tukiwa shambani, maneno haya niliyoyaandika hapa. Alifikiri, akachimba mashimo mawili matatu, kisha akasema, "Basi, baba mdogo, yule padre aliyekufa kitandani ndiye aliyejibu. Ila walimwua mapema mno, halafu wakamsahau." Nikamwambia amesema vizuri kuliko mimi, tukaendelea kulima.